Nyumba Juu ya Shimo la Kambare

Jumamosi, 2 Agosti

Nimeposa! Karibu. Sijaposa. Nimeruhusiwa kutuma wazee wa kuposa, kwa sharti moja, na sharti lenyewe linaelea.

Niandike kwa utaratibu. Papa Bagula, baba yake Nzigire wangu, ni mwenyekiti wa Wavuvi wa Neema, yaani wanaume wa kanisa letu ambao kila Jumamosi wanatoka Buffalo kwenda Tonawanda kuvua kwa ndoano kwenye kijito, kabla maji hayajaingia mto Niagara. Wana mahali pao. Ni chini ya miti miwili, maji yanakozunguka polepole, na chini yake kuna shimo lenye kambare wa kutisha. Papa Bagula alizaliwa kisiwani Idjwi. Anasema shimo lile ndilo kitu cha kwanza Amerika kilichompokea bila kumwomba karatasi.

Mwezi uliopita ikaja nyumba. Nyumba kamili! Ya mbao, ina mlango, dirisha, maua ndani ya ndoo na jiko la kuchomea nyama, imekaa juu ya mapipa. Mzungu mmoja na mkewe waliifunga kwa kamba kwenye ile miti miwili, juu ya shimo lenyewe, wakaanza kuishi. Kibali hawana. Sasa wavuvi wanarusha ndoano kwa kupitisha juu ya paa. Leo Nshombo, katibu wa chama, alivuta kitu kizito, watu wakashangilia, ikaja suruali ya mzungu kutoka kwenye kamba ya nguo. Mwenyewe alitoka amejifunga taulo akasema maneno. Nshombo naye akasema yake. Kila mmoja alitukana kwa lugha asiyoielewa mwenzake, kwa hiyo walidumu.

Mimi nilisimama mbali na maji. Sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini tunajua ng'ombe. Maji tunayapenda yakiwa ndani ya kikombe. Lakini Papa Bagula aligeuka akanielekezea zile nyusi zake.

"Bon, kijana. Uko karani ya mto ao hauko?"

Niliwahi kumwambia kwamba nafanya kazi katika ofisi inayotawala mto. Ni kweli. Ninapokea simu.

Nikasema niko.

"Donc utoe hii nyumba. Ikitoka, utatuma bazee. Ikibakia, bazee yako babakie kwabo."

Wazee wangu wamepangiwa kwenda Jumamosi ya tarehe 16. Nikasema nyumba itakuwa imeondoka kabla. Nikaongeza, bila mtu kuniuliza, kwamba ni jambo la simu moja. Kwa nini niliongeza?

Jumatatu, 4 Agosti

Ofisini. Mkuu wangu, Bi. Wisniewski, ni mwanamke mpole sana, na ndiyo maana ananitisha. Nilimwuliza, kwa ujumla tu, ofisi hufanya nini mtu akifunga nyumba yake mtoni bila kibali. Akasema kwanza hubandikwa karatasi ya onyo mlangoni, ile ya rangi ya chungwa. Kisha ofisi husubiri malalamiko ya wananchi. Yakiwa mengi, Kevin huja na boti ya kuvuta.

Nikauliza mengi ni mangapi. Akanitazama. Nikasema nauliza ili nijifunze kazi. Alifurahi mno. Amenipa faili la kanuni, nene kama tofali, nilisome nyumbani.

Niliomba karatasi moja ya onyo. Nikasaini kwamba nimeichukua. Niliandika haraka, jina langu limetoka kama la mtu mwingine. Labda ni vizuri.

Jioni nilimpigia binamu yangu Jules. Jules anaishi Reynoldsburg, pale Columbus, anauza simu dukani, na hajawahi kukosa jibu. Akaniambia: "Vaa kravati. Mzungu akiona kravati anajua mambo ni ya serikali."

Jumanne, 5 Agosti

Nilivaa tai.

Kati ya ukingo na ile nyumba kuna ubao mmoja. Mmoja! Chini yake maji. Nilisimama pale mpaka bata wakanizoea. Mwishowe nilipita kwa magoti na mikono, tai ikiburuzika majini, karatasi nimeiuma kwa meno. Mlango ukafunguliwa nikiwa bado katika hali hiyo. Mzungu, anaitwa Walt, akamwita mkewe aje aone. Mkewe, Darlene, akasema naonekana nina njaa.

Walikuwa mezani. Sasa, mimi nimelelewa. Huwezi kuingia kwa watu wanaokula ukakataa chakula chao. Na ukishakula, mdomo huohuo hauwezi kuwaambia wahame. Niliamua kula kwanza ili nipate nafasi ya kufikiri. Ilikuwa samaki. Sijawahi kula samaki kwa hiari. Nikauliza, kwa adabu, ametoka wapi mnyama huyu. Walt akafunua mkeka wa jikoni.

Kuna mlango sakafuni! Walt ameukata kwa msumeno, umekaa sawasawa juu ya shimo la kambare. Anakaa kwenye kiti, kikombe cha kahawa mkononi, anashusha mshipi kati ya magoti yake, anavuta chakula cha mchana. Hatoki nje hata mvua ikinyesha. Nilifunga macho. Kama Papa Bagula angejua, angezirai kwa uchungu.

Darlene akauliza karatasi yangu nzuri ni ya nini. Nikasema ni kwa ajili ya kuwapa habari, kwa ujumla. Akasema rangi inapendeza. Akaibandika kwenye friji, kando ya picha za wajukuu.

Nimefikiri sana kwenye basi. Kanuni inasema onyo libandikwe mlangoni. Limebandikwa mlangoni. Mlango wa friji. Kisheria niko salama.

Jumatano, 6 Agosti

Papa Bagula alipiga simu. Imeondoka? Nikasema utaratibu umeanza. Akasema utaratibu anaufahamu, kambini alikaa na utaratibu mpaka watoto wakaota ndevu.

Nzigire alipitia baada ya kazi. Anahudumia wazee kwenye nyumba moja ya matunzo, na anazungumza na kila mtu kama na mgonjwa anayekataa dawa. "Ganza, kwa nini usimuambie tu papa kama kazi yako ni kujibu simu? Simu si zambi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Jules ametoa mpango mpya: tai imeshindwa, tumia dini.

Nilimwendea Mama Emérence, kiongozi wa kikundi cha maombi. Nilikuwa mwangalifu kabisa. Sikusingizia mtu. Nilisema tu kwamba kuna nyumba imekuja bila kualikwa na imekalia baraka ya wababa wa kanisa. Kila neno ni kweli.

Akafumba macho. "Iko inakalia baraka?"

Nikasema inakalia.

"Juu yayo kabisa?"

Juu yake kabisa.

"Hiyo tutaizunguka," akasema, kama mtu anayepanga siku ya kufua.

Jumamosi, 9 Agosti

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Mama Emérence alikuja na basi zima la akina mama, vitenge vipya, matari, kinanda cha betri na spika ya kanisa. Wavuvi walisimama kando na fimbo zao za ndoano, nyuso zimejaa matumaini. Mpango ulikuwa kuzunguka mara saba, nyumba ing'oke. Tatizo: nyumba imezungukwa na maji pande zote. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, mimi nikiwamo, na nimesoma hadi chuo.

Mama Emérence hakuyumba. Alisema Mungu anajua hesabu: nusu kwenda na nusu kurudi ni mzunguko mmoja. Wakaenda kutoka mti hadi mti, wakageuka, wakarudi, wanaimba. Ule wimbo wa kumwamuru adui afungashe virago ni mtamu mno. Una makofi.

Mzunguko wa tatu, Darlene akatoka na aproni, mikono mdomoni. Wa tano, alikuwa ameshavuka ubao na anapiga makofi. Wa saba, alikuwa ndani ya mstari, kati ya Mama Emérence na kinanda, analia. Akanishika mkono nimtafsirie. Alisema miaka yote waliyoelea, watu wamewarushia mawe, chupa na ndoano. Hakuna aliyewahi kuja kuwabarikia nyumba.

"Anasema nini?" akauliza Mama Emérence.

Ningesema nini? Nikasema anashukuru kwa baraka.

Mama Emérence akanitazama mimi, akayatazama machozi ya Darlene. Mama yule ana kipawa cha kugeuza gari bila kupunguza mwendo. Akavuka ubao, akaweka mkono kwenye mwimo wa mlango akaibariki nyumba, mlango, dirisha, ndoo za maua, mapipa, na hasa kamba, kwamba kamba hizi zisikatike kamwe. Watu wote wakaitikia amina. Na mimi. Ilinitoka.

Ndipo nilipoelewa. Kwetu nyumba iliyoombewa ni nyumba ya kanisa. Huwezi kuibariki Jumamosi ukaifukuza Jumatatu. Nimeleta basi zima la akina mama kuja kuipigilia misumari.

Papa Bagula alikunja nyusi akaingia ndani peke yake, "kumaliza maneno na ule muzungu". Alikaa humo muda mrefu. Nilisubiri kelele. Hakuna. Alipotoka mikono ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko, macho yanaangalia mbali. Nshombo akamwuliza mambo yamefikia wapi. Hakujibu. Hasira ya namna ile sijawahi kuiona.

Jumapili, 10 Agosti

Walt na Darlene wamekuja kanisani! Walt alivaa ile suruali, ina kiraka pale ndoano ilipochana. Nshombo aliitambua, akaangalia dari mpaka mwisho wa mahubiri. Wakaitwa mbele wasalimie. Walt akasema yeye si mtu wa hotuba, kisha kwaya ikaanza na ikaonekana ni mtu wa kucheza. Amekalishwa na wazee, safu ya kwanza. Mimi bado nakaa karibu na choo.

Baada ya ibada nilimwendea Papa Bagula nikamtuliza. Nikamwambia sijasahau, nyumba ile bado naishughulikia.

"Hakuna haraka," akasema polepole.

Kisha akaona wavuvi wengine wamegeuza masikio. Akapaza sauti. "Lakini neno yangu ni neno! Nilisema itoke, itoke!"

Nimeyaelewa vizuri maneno yake ya pili. Ya kwanza yalikuwa ya adabu tu, mbele ya kanisa.

Jumatatu, 11 Agosti

Jules anasema maombi yakishindwa kinachobaki ni wananchi. Nikakumbuka malalamiko. Kinachotakiwa ni malalamiko mengi, na ofisi yetu ina mashine inayopokea ujumbe saa ya chakula.

Saa ya chakula nilijificha nyuma ya mapipa ya taka, kwenye maegesho ya ofisi. Nikapiga. Nilikuwa mzee anayekerwa na moshi wa jiko. Nikapiga tena nikiwa mama mwenye mafua. Kisha mwalimu. Kisha mtu wa mtumbwi. Kisha mtu mwenye mbwa aliyeogopeshwa na nyumba. Mbwa nilimwigiza pia. Mwisho nilikosa sababu, nikajiita Bwana Smith nikasema nimekasirika sana, sitaki kueleza. Bwana Smith alinitisha. Nilikuwa bado nimejificha pale, mfanyakazi wa usafi akaja kutupa taka, nikamsalimia kwa sauti ya mama mwenye mafua.

Jumanne, 12 Agosti

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ni kusikiliza zile jumbe na kuziandika.

Nilijisikiliza mmoja baada ya mwingine. Mwalimu ilibidi nimrudie, sikuelewa nilichokuwa nasema. Nikapeleka karatasi kwa Bi. Wisniewski kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka kichwa chake mwenyewe. Alisoma. Akataka azisikie. Akasikiliza zote, kidevu mkononi.

Akaniuliza kama kuna kitu nimekigundua kuhusu watu hawa. Nikaanza kutafuta mlango kwa macho.

Akasema wana adabu ya ajabu. Kila mmoja, kabla ya kulalamika, ameuliza habari za ofisi, habari za nyumbani, na kama watoto wameamka salama. Hata yule Smith, pamoja na hasira zake! Katika kazi yake yote hajasikia mashine ikisalimiwa hivyo. Akasema ndivyo walivyokuwa watu wa Tonawanda enzi za bibi yake, na watu wa namna hiyo wakifikia kulalamika, basi jambo ni zito.

Akainua simu akampigia Kevin.

Ushindi! Naandika nikiwa nimesimama.

Jumatano, 13 Agosti

Sitamwambia Papa Bagula. Nataka afike ukingoni aone maji matupu, shimo lake limemrudia, kisha wazee wangu wabishe hodi. Wala sitamwambia Nzigire. Yeye angeniuliza maswali.

Nzigire anasema baba yake amebadilika. Akitoka kiwandani hapiti nyumbani. Anarudi jua likizama, ananukia moshi. Chakula hagusi, anasema ameshiba. Jana alikuwa anaimba bafuni wimbo wa wavuvi wa Idjwi, ambao mama yake hajausikia tangu walipokimbia.

Maskini! Huzuni imemfikisha huko. Anakwenda kukaa peke yake ukingoni, kuitazama nyumba iliyomnyang'anya, mpaka tumbo linakataa chakula. Nilimwambia Nzigire avumilie, siku zake za furaha ziko karibu.

"Ganza, umefanya nini?" akauliza.

Nikasema hakuna.

Ijumaa, 15 Agosti

Kevin amethibitisha: kesho, mchana. Wazee wangu wanapiga hodi saa nane. Imepangika kama gwaride.

Wazee ni wawili tu, kwa kuwa ukoo wangu uko Louisville, na baba hakupata ruhusa ghalani anakofanya kazi. Msemaji ni Mzee Kayumba. Ametoa hotuba za posa tangu Uvira, na hajawahi kufupisha hata moja. Leo alinifanyia mazoezi ya utangulizi. Nilichelewa basi. Ana sharti lake: wajumbe wakishatoka na neno la posa, neno lazima lisemwe siku hiyohiyo. Kurudi nalo tumboni ni mkosi. Atachukua ile spika ndogo ya kanisa, kwa sababu ya koo.

Amesema pia nivae tai. Bado inanuka mto.

Jumamosi, 16 Agosti

Saa nane kamili tulibisha hodi kwa Papa Bagula, na kreti mbili za Fanta. Mama Nzigire alifungua mlango amevaa kitenge kipya, amekasirika. Papa hayupo. Ameondoka tangu alfajiri na Nshombo, ambaye ndiye msemaji wa upande wa binti, wakasema wanarudi sasa hivi. "Iko kule kwenye maji. Kila siku maji! Muende mumutafute, wali yangu inapola."

Mzee Kayumba akasema neno limeshatoka nyumbani, haliwezi kukaa sebuleni likisubiri. Tukapanda gari, na Fanta zetu, na Nzigire.

Tulifika Tonawanda. Nyumba haikuwa kwenye miti. Nilitaka kupiga magoti kwa shukrani. Kisha nikaiona, mbele kidogo, inavutwa na boti ya Kevin katikati ya kijito, polepole, moshi unatoka kwenye jiko la nyama. Darlene alikuwa kibarazani anapunga kitambaa. Walt alikuwa na mikono kiunoni. Na kwenye dirisha la jikoni, lililo wazi kabisa, kwenye kiti, miguu imepanuliwa juu ya ule mlango wa sakafuni, mshipi mkononi, alikuwa Papa Bagula.

Kando yake Nshombo. Nyuma yao chama kizima cha Wavuvi wa Neema, kila mtu na sahani.

"Papa iko inaenda wapi?" akauliza Nzigire.

Mwanzoni Papa Bagula mwenyewe hakujua. Alituona, akapunga mkono kama gavana. Alidhani serikali inawatembeza.

Nilimwomba Mzee Kayumba turudi. Hakunisikia. Alishawasha spika. Akaanza kutembea ukingoni sambamba na nyumba, koti limefungwa, akitangaza kwamba sisi ni wageni tuliotoka mbali, tukapita penye boma la heshima, tukaona ua limechanua.

Nshombo ni mtu wa mila. Alitoa kichwa dirishani akajibu kama inavyotakiwa. "Ninyi ni banani, na munatoka wapi?"

"Tunatoka ukoo wa Rutebuka!"

"Tunaona mupo mbio! Mutu anaposa akikimbia?"

"Ni boma lenu linalokimbia, ndugu yangu!"

Wavuvi wakacheka, hata Papa Bagula. Naapa alicheka. Alipaza sauti kwamba ua analifahamu, na kijana anamfahamu, muoga lakini si mubaya. Mzee Kayumba aliongeza mwendo. Mimi nyuma yake na kreti ya Fanta. Kwa muda kama wa kuvuka uwanja wa mpira, nilikuwa mchumba.

Ndipo Kevin aliponiona. Kevin ni mtu mwema, sina ugomvi naye. Akachukua kipaza sauti cha boti, kikubwa kuliko chetu mara kumi, akaniita. "Ganza!" Akasema Bi. Wisniewski amemweleza yote: ni mimi niliyeliona faili hili tangu siku ya kwanza, nikabandika onyo, nikaandika malalamiko. Kazi nzuri sana, Ganza! Bila wewe nyumba hii ingekaa pale milele!

Papa Bagula hajui Kiingereza kingi. Jina langu analijua. Lililobaki Walt alimwonyesha kwa vidole: nyumba, kamba, boti, mimi.

Nyusi ziliinuka. Nilikuwa mbali, lakini niliziona.

"Nshombo," akasema, na maji yalileta kila neno, "uambie bale bazee: ua imefungwa."

Mzee Kayumba alikuwa bado hajafika katikati ya hotuba. Aliendelea mpaka ukingo ulipoishia kwenye uzio wa kiwanda. Pale alisimama, akashika nyaya, akawatolea salamu za mwisho watu ambao tayari walikuwa wadogo kama sisimizi.

Jumapili, 17 Agosti

Sikwenda kanisani. Nzigire alikuja amevaa nguo za kazi. Alipoketi alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha, na hapo ndipo nilipoogopa.

Alinieleza hivi. Ile Jumamosi ya maombi, baba yake aliingia kugombana, Walt akafunua mkeka. Papa Bagula alipiga magoti akatia mikono shimoni. Tangu siku ile alikuwa akipita pale kila jioni, na juzi aliwaambia wavuvi wengine. Kwa miaka yote amevua kwa kusimama kwenye tope, na sasa ameketi juu ya shimo lake, kwenye kivuli, anapewa kahawa. Lakini alikuwa ameshatoa neno mbele ya watu, na hawezi kumwambia kijana kwamba amebadilisha mawazo.

"Papa alikuwa ameishaka kukukubali," akasema Nzigire. "Wali ilikuwa tayari. Alikuwa anategemea tu kama utashindwa. Wote tulikuwa tunategemea."

Maisha yangu yote nimeshindwa vizuri, bila kuombwa.

Nyumba iko kwenye uwanja wa maboti yaliyokamatwa, North Tonawanda, imefungwa mnyororo. Walt na Darlene wako sebuleni kwa Papa Bagula, kwa sababu Mama Emérence amesema waumini hawalali kwenye gari. Walt amekwisha kuulizia kuhusu sakafu ya jikoni. Wavuvi walikwenda kwenye ile miti miwili asubuhi, wakayatazama maji matupu, wakarudi bila kurusha ndoano. Na Papa Bagula ametoa sharti jipya: nyumba irudi mahali pake, ndipo nitume wazee.

"Ganza, nisikilize," akasema Nzigire. Alinishika mashavu, kama anavyowashika wagonjwa wake. "Mie ndiye naolewa, si ule kambare. Papa atapola. Mupe mwezi. Sasa uape: hautafanya kintu. Hakuna simu, hakuna mama wa maombi, hakuna Jules. Kintu chochote."

Niliapa. Nililia kidogo. Alinibusu kwenye paji la uso akaenda kazini.

Mimi ni mtu wa neno langu. Sitafanya kitu chochote. Nimefungua tu lile faili la kanuni, ukurasa wa majengo ya ibada, yale ambayo Kevin haruhusiwi kuyavuta, na sioni mahali palipoandikwa kwamba jengo la ibada lazima liwe nchi kavu. Kesho nitamwuliza Bi. Wisniewski, kwa ujumla. Kuuliza si kufanya. Papa Bagula nimekwisha kumtumia ujumbe, aanze kutafuta jina zuri la kanisa.